Katekista Aliyetuvusha Mto Mkavu

Mto wenyewe haukuwa na maji. Kile kijito kinachopita nyuma ya kanisa la kigango chetu, huko Bukombe, hujaa wakati wa mvua kubwa tu, kisha kinabaki mchanga mtupu wenye alama za kwato. Hapo mchangani ndipo katekista wetu alipotufundisha kuvuka mto. Alichora mistari miwili kwa fimbo, akavua kandambili yake moja akaiweka katikati, akasema, "Huu ni mtumbwi. Asiyeuona akae nyuma, atauona baadaye."

Sijui alizaliwa wapi, wala ukoo wake sikuwahi kuuchunguza. Nilimkuta akiwa katekista, na sikumbuki kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Watoto tulimwita Mwalimu, wakubwa walimwita Katekista, na mkewe alipomtaja kwa majirani alisema "huyu wangu". Alikuwa mrefu, mwembamba, na amechoka. Kuchoka kwake si kwa kazi peke yake, ingawa kazi ilikuwepo: shamba la mahindi na pamba, vigango viwili vya kuhudumia, baiskeli isiyo na breki, na padri anayefika pale barabara inapompa ruhusa. Yule alikuwa mtu aliyeamka tayari amechoka, akaamua kwenda hivyo hivyo. Ukimwambia "Shikamoo Mwalimu", aliitikia marahaba, kisha akashusha pumzi ndefu utadhani ametua gunia. Alipokaa kwenye ndoo aliyoipindua, tulijua somo limeanza.

Fumbo la kwanza kila mtu analijua, ila yeye alilichezea kidogo. Wengine husema chui, mbuzi na majani. Yeye alisema chui hajawahi kumwona, fisi ndio anaowafahamu vizuri, na mbuzi wa kwetu hana habari na majani akiona michembe imeanikwa. Basi kwetu ilikuwa fisi, mbuzi na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mtu anataka kuvuka navyo vyote, na mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Akimwacha fisi na mbuzi, mbuzi ameliwa. Akimwacha mbuzi na michembe, michembe imekwisha. Afanyeje?

"Mwalimu, amfunge fisi kamba."

"Kamba imekatika."

"Ajenge daraja!"

"Daraja ni kazi ya serikali. Wewe una mtumbwi."

"Basi amuue fisi."

"Nani amekwambia fisi ni wako? Wewe umetumwa umvushe."

Jibu hakulitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuivunja hata kwa padri, ambaye nasikia aliwahi kuondoka kigangoni na fumbo lake akalirudisha wiki nyingine akiwa amekasirika. Ukikosea hakukugombeza. Alisema tu, "Michembe imeliwa, anza upya," kwa sauti ya mtu aliyeona michembe mingi ikiliwa maishani. Lakini ukimwomba akupe jibu, alibadilika kabisa. Alisimama, akafuta mistari kwa mguu, akavaa kandambili yake, na siku hiyo ikaishia hapo. Tulimwogopa kwa hilo kuliko fimbo.

Mimi lilinisumbua muda wote wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Lilinijia siku moja naosha vyombo. Unamvusha mbuzi kwanza. Unarudi, unamchukua fisi, na ukishamfikisha fisi ng'ambo unamchukua yule yule mbuzi uliyekwisha kumvusha, unarudi naye kule mlikotoka. Watu wote wanakwama hapo, kwa sababu hakuna anayetaka kurudisha alichokwisha kuvusha. Nilikimbia mpaka kwake na mikono ina majivu. Alinisikiliza amefumba macho.

"Iliuma?" akaniuliza.

"Nini, Mwalimu?"

"Kumrudisha mbuzi."

Nikasema iliuma kidogo. Akasema vizuri, nenda ukamalizie vyombo. Nilichukia sana, nilitegemea angalau pipi.

Kulikuwa na jingine alilolipenda, la baba, mama na watoto wawili. Mtumbwi unabeba mkubwa mmoja, au watoto wawili, hauwezi zaidi. Ukilifanya vizuri unaona kwamba baba anavuka mara moja, mama anavuka mara moja, na wanaokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ni watoto. Aliwapa hilo wazazi siku za jumuiya. Akawaacha wahangaike na vijiti vyao, kisha akauliza kwa upole, "Sasa hapo nani anapiga makasia?" Mzee mmoja alijibu kwamba ndiyo maana alizaa wengi, watu wakacheka mpaka sala ya mwisho ikakosa utulivu. Katekista hakucheka. Alikuwa na kawaida ya kutabasamu baadaye sana, wakati wengine mmeshasahau, na ukimwona ulifikiri anaumwa tumbo.

Mapungufu alikuwa nayo. Alilala kwaya ikiimba, na kwaya yetu haikuwa ya kimya. Chai yake ilikuwa sukari iliyolowekwa. Alihubiri juu ya kiasi huku anaongeza kijiko. Baiskeli aliikopesha kwa mtu yeyote, hata mlevi, lakini chaki moja ukiivunja alikununia wiki nzima. Na alikuwa mtu mgumu. Neno lake likishatoka, halikuwa na njia ya kurudi, na alijivunia hilo kwa namna ambayo hata sasa inanichosha kuifikiria.

Mafundisho ya ndoa ndiyo yalimpa sifa mpaka Ushirombo. Wachumba waliletwa kwake kabla ya kutangazwa kanisani, na yeye, baada ya sala, aliwamwagia mezani punje za mahindi na karanga. Mahindi ni waume, karanga ni wake. Jozi tatu, mtumbwi wa watu wawili, na mke asikae na mwanaume mwingine kama mumewe hayupo. Kazi yao ilikuwa kuwavusha wote pamoja, mikono yao miwili juu ya meza moja. Yeye hakuangalia jibu. Aliangalia nani ananyang'anya punje, nani ananyamaza, nani anasema "jaribu wewe".

Kijana mmoja kutoka upande wa Masumbwe alivusha vizuri mpaka katikati, kisha akagundua kwamba ili jambo liende, karanga yake itabidi ipande mtumbwi na karanga nyingine na kumwacha yeye ng'ambo. Akasimama. "Mke wangu hapandi mtumbwi huo bila mimi," akasema.

"Mwanangu, hiyo ni karanga," Katekista akamwambia.

"Najua ni karanga, Mwalimu. Lakini umesema ni mke wangu."

Akaichukua ile karanga akaiweka mfuko wa shati, na hakuirudisha. Mchumba wake alijifunika kanga usoni kwa kicheko. Walifunga ndoa, wana watoto, na huyo bwana mpaka leo ukimkuta mnadani ukamuuliza karanga yake iko wapi, anageuza njia. Mimi na mume wangu wa zamani tulishindwa kabisa. Yeye alitaka kuvusha mahindi yote kwanza. Katekista alitutazama, akashusha pumzi, akasema, "Haya, Bwana awasaidie." Tukafunga ndoa vivyo hivyo, na Bwana alisaidia kwa miaka michache.

Sasa niseme lililomuumiza, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimechora nusu ya mtu.

Katika kigango chetu kulikuwa na mama mjane, Mama Kulwa, ambaye binti yake alikwenda kuishi kinyumba na mchimbaji. Binti aliporudi kusalimia, Mama Kulwa alimpikia, akamtandikia, akakaa naye siku kadhaa. Katekista alisimama mbele ya waumini akasema mzazi anayempokea mtoto wa namna hiyo anabariki dhambi. Hakutaja jina, lakini vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Mama Kulwa alitoka nje, na tangu siku hiyo alikuwa anasali kigango cha katekista mwingine, mwendo mrefu kwa miguu.

Mwaka haukuisha, binti mkubwa wa Katekista mwenyewe, aliyekuwa Katoro anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja, akahamia kwa kijana wa karasha. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kijana yule ndiyo kazi yake, kuilisha mawe kutwa. Habari zilifika kijijini kabla ya baba mtu kumaliza palizi. Watu walingoja waone.

Kijana hakuwa mhuni. Alikuja na wazee wawili, amevaa shati la kuazima, kuomba ndoa na kuyaweka mambo sawa. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kumsalimia mkewe. Katekista aliwapokea wakiwa wamesimama uani, viti vipo.

"Binti yangu yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nyumbani, Baba. Katoro. Hali yake haimruhusu kusafiri, yuko karibu kujifungua."

"Nyumbani kwake ni hapa. Mrudisheni kwanza, akae kwa mama yake, ndipo mje mpige hodi kama watu. Sipokei posa ya mtu ambaye tayari mnaye."

Mmoja wa wale wazee alijaribu kusema mtoto atazaliwa njiani. Katekista alikwisha kugeuka, anaokota jembe. Wakaondoka. Mkewe alibaki amesimama na kikombe cha maji aliyotaka kuwapa.

Binti hakurudi. Alijifungua huko huko, mtoto wa kike, wakamwita Neema, na baba yake hakwenda kumwona. Nilimuuliza mara moja tu, maana mimi nilikuwa na ujasiri wa watu waliokwisha kuachika. Tulikuwa tumekaa nje ya kanisa, joto kali, hakuna hata upepo.

"Mwalimu, utakaa hivi mpaka lini?"

"Nimechoka, mama," akasema. "Usidhani sioni. Lakini nikimpokea wangu, Mama Kulwa nitamtazama kwa macho gani?"

Ndilo lilikuwa fundo lenyewe. Haikuwa chuki hata kidogo. Alikuwa amempiga mwenzake kwa rungu, sasa rungu limegeuka, na yeye akaona haki ni kusimama lipige.

Mkewe naye alikuwa na njia yake. Alianza kwenda Katoro kuuza maharage. Alikwenda wakati wa maharage, akaenda wakati wa mahindi, akaenda hata kiangazi ambapo kijiji kizima hakina maharage ya kupika. Alibeba kapu limefunikwa kitambaa, na ndani mlikuwa na nguo za mtoto, karanga, na unga wa ulezi wa uji. Katekista alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia bodaboda, akamwambia, "Uuze vizuri." Akirudi alimuuliza, "Maharage yanaendeleaje huko?" na mama akajibu, "Yameota meno," au "Yanatembea sasa." Waliishi hivyo kwa miaka, watu wazima wawili wenye akili zao. Mimi nilicheka nilipolisikia, kisha nikaenda nyumbani nikalia.

Halafu miguu ya mama ikakataa. Ilianza kuvimba, ikawa kwenda kisimani ni safari, kupanda bodaboda ndiyo usiseme. Nyumba ile ikawa haina habari tena. Niliwatembelea kipindi hicho, nikitoka Shinyanga ambako ndiko ninakouza vitenge siku hizi, nikawakuta wamekaa kila mmoja upande wake wa uwanja. Mama alikuwa anatazama barabara. Katekista alikuwa anamtazama mama. Sijawahi kuona watu wamechoka kiasi kile bila kufanya kazi yoyote.

Kilichofuata nilisimuliwa na Mama Kulwa mwenyewe. Alimwona Katekista anakuja kwake asubuhi, anakokota baiskeli badala ya kuipanda. Alikataa kiti. Akamwambia kwamba maneno aliyoyasema kanisani yalikuwa makosa, na amekuja kuyachukua.

"Nikamwambia umechelewa, Mwalimu," Mama Kulwa alinisimulia. "Mwanangu alihamia Kahama, hata simu hapigi, aliona mimi mama yake nafukuzwa kwa ajili yake. Nikamwambia hivyo bila kuficha. Akasema ndiyo, najua, nimechelewa. Hakujitetea. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Nikampa maji akanywa. Lakini bado nasali kule kule kwa mbali, nisikudanganye."

Basi ndipo tunafika Katoro. Ilikuwa siku ya mnada, jua la saa nane, nimemaliza kugawa vitenge kwa wateja wangu. Nikamwona amesimama karibu na stendi ya bajaji, amevaa koti la Misa, jasho linamtiririka, bodaboda wanampigia honi na hasogei. Alionekana mzee. Nikamsogelea.

"Shikamoo Mwalimu. Umefuata nini huku?"

"Marahaba, mama. Nimekuja kuuza maharage."

Mikononi hakuwa na kitu. Tulitazamana, na safari hii tabasamu lake halikuchelewa. Kisha akaniuliza kama najua njia ya kwenda kwenye makarasha, na kabla sijajibu akasema, "Twende wote. Peke yangu nitafika mlangoni nipitilize."

Tulipanda bajaji mpaka karibu, tukamalizia kwa miguu. Huko karasha zinanguruma kutwa na vumbi lake jeupe linakaa juu ya kila kitu, juu ya mapaa, juu ya nguo zilizoanikwa. Alitembea polepole. Mara mbili alisimama akasema anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

Binti yake alikuwa nje ya nyumba ya vyumba viwili, anachambua mchele kwenye ungo. Aliinua macho, akauweka ungo chini taratibu, akapiga goti.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni wageni."

Neno hilo lilimpata Katekista. Niliona bega lake linashuka. Binti alitoa kiti kizuri ndani, akakifuta kwa kanga, akamtuma Neema dukani akalete soda. Alituuliza habari za safari, habari za mvua, habari za mazao, kila kitu ambacho humuuliza mtu usiyemjua. Hakuuliza habari ya nyumbani. Kisha akaenda nyuma, tukasikia kuku anakimbizwa.

"Mwanangu, mwache kuku," Katekista akaita. "Nitakula kilichopo."

Binti akatokea kwenye kona ya nyumba, kuku kwapani. "Mgeni wangu hawezi kula kilichopo, Baba," akasema kwa adabu kabisa, akaenda kumchinja.

Tukakaa. Neema alileta soda, akasimama mbali anamkagua babu yake kuanzia viatu kwenda juu. Katekista alimuuliza yuko darasa la ngapi, akajibiwa, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Baadaye mume akaingia kutoka kazini, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alipomwona aliyekaa kwenye kiti alirudi hatua nyuma, akataka kwenda kunawa kwanza, kisha akaona hapana, akachuchumaa pale pale.

"Shikamoo Baba."

Katekista aliiweka chini chupa ya soda.

"Marahaba," Katekista akasema. "Pole na kazi."

Chakula kikaja. Ugali, mchuzi, kuku mzima. Binti alinawisha kila mtu kwa jagi na beseni, akaanza na baba yake, kisha mimi, na mume wake akamnawisha mwisho. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto anajua hilo kabla hajajua kusoma, na mke hawezi kukosea, labda awe anataka kusema kitu. Binti aliiweka firigisi kwenye bakuli la baba yake, juu kabisa, pasipo kufichwa na kipande kingine. Kisha akasimama kando na jagi lake, anangoja.

Sijui kama ilikuwa heshima au ni mtihani, na sidhani yeye mwenyewe alijua. Mume aliinamisha macho kwenye bakuli lake. Katekista aliitazama ile firigisi muda mrefu, mkono umesimama juu ya ugali. Ingekuwa rahisi kuila. Angeila, angeshiba, angeaga kama mgeni aliyeheshimiwa, na mambo yote yangebaki yalivyokuwa.

Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye bakuli la kijana.

"Hii ni ya mwenye nyumba," akasema.

"Baba, mimi..."

"Kula, mkwe wangu. Inapoa."

Baba Neema alimtazama mkewe, akaitia mdomoni, akatafuna ameinamisha kichwa, machozi yanachora mistari kwenye lile vumbi. Binti akaweka jagi chini. Akavuta mkeka, akakaa kando ya kiti cha baba yake, akaegemea mguu wa kiti.

"Haya niambie, Baba," akasema. "Nasikia Mama anaumwa miguu. Anatembea?"